Ukuta wa Dirisha la Tatu

Mama,

Nakusalimu, ingawa najua hutanijibu. Sisi huku Arua wazima. Mama Mdogo Halima bado goti linamsumbua na bado hataki kwenda hospitali.

Nilichotaka kukuambia ni hiki: kiwanda chenu cha tumbaku kimegeuzwa nyumba za kupangisha. Ndiyo, kile kile ulimokaa ukichambua majani tangu mimi sijazaliwa. Ukumbi wenu umekatwa vyumba, kila familia na jiko lake na choo chake ndani. Pale mlipokuwa mnafunga marobota pamewekwa masinki. Ungecheka. Na fundi wa kupaka rangi ni mimi.

Shida ilikuwa ukuta wa madirisha. Tulipaka nyeupe, baada ya siku mbili yakatokeza madoa ya kahawia, moja chini ya kila dirisha, usawa wa mtu aliyeketi. Tukapaka tena, yakarudi. Injinia akasema, "Hii ni maji iko ndani ya ukuta," akataka tubomoe plasta yote. Mimi nikamwomba siku mbili, maana nilijua. Ni ninyi. Utomvu wa tumbaku ukiwajaa mikononi mlikuwa mnajifuta ukutani, kila mwanamke mahali pake, miaka yote hiyo. Pako palikuwa dirisha la tatu. Nilikuwa nakuletea chakula hapo.

Nikakumbuka ulivyokuwa ukirudi nyumbani vidole vinanata, unaniita: "Sabuni haiwezi hii kitu. Leta nyanya ya kijani." Nami naziponda, nakusugua kidole kimoja kimoja mpaka maji yanatoka meupe.

Basi nikanunua kikapu cha nyanya za kijani kwa mama mmoja muuza mboga wa Dadamu. Wenzangu kazini wakaniuliza kama napika kachumbari. Doa la dirisha la kwanza likatoka. La pili likatoka. La tatu nikashindwa kuligusa.

Mama, acha niseme. Siku ile walinipigia simu nikiwa kazini Koboko, kwamba umezidiwa. Nilikuwa juu ya ngazi. Nikasema namalizia ukuta huu kwanza. Ukuta wa watu. Nilipofika, wamekwisha kukuzika. Mama Mdogo aliniambia, "Tulingoja wewe uoshe mama yako. Jua ilikuwa inaenda." Una binti mmoja tu, na ukaoshwa na majirani.

Ndiyo maana doa la dirisha la tatu lilinishinda. Nikawaomba wenzangu wakapake nje, nikapiga magoti. Doa lako lilikuwa kubwa kuliko yote, na pembeni vidole vinaonekana. Nililiosha taratibu, kuanzia upande wa kulia, nikamwagia maji mara tatu, kama ulivyonielekeza tulipomwosha Bibi. Nililia, sikufichi. Kisha nikapaka rangi, na mpaka leo ukuta ni mweupe.

Wiki hii imehamia familia ya Sudani Kusini. Kitanda cha mtoto wao wamekiweka chini ya dirisha lako.

Pumzika, Mama. Ijumaa nakuja kukusomea dua na kung'oa majani kaburini. Na Mama Mdogo akinipigia simu, hata nikiwa katikati ya ukuta, nitashuka.

Mwanao,
Zamzam