Pedali Iliyozama

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Unaendeleaje? Na goti, bado linakusumbua ukipanda ngazi? Huku mimi ni mzima, ila kucha zangu ni nyeusi kiasi kwamba Mama akiziona atanipeleka bombani kabla hajanikaribisha kiti.

Kazini mambo si haba. Gereji yetu sasa inaandaa magari ya mbio za uwanjani, na mimi ndiye wa breki. Wiki iliyopita dereva wetu, tunayemwita Kimya kwa jinsi asivyopenda maneno, alipitiliza kona akaishia mchangani. Akasema pedali ilizama mpaka chini. Bosi alikuja baadaye, akaikanyaga, akaikuta ngumu kama kawaida. Akacheka, akasema breki hazina neno, ni dereva tu aliyeingiwa na woga. Mimi nilikosa raha siku nzima.

Nikaomba gari lirudishwe uwanjani. Liliporejea, kabla halijapoa, niliruka ndani nikakanyaga mwenyewe. Mguu ukazama! Tulipomaliza kunywa chai, pedali ilikuwa ngumu tena. Breki za mbele tulikuwa tumezipelekea hewa ya kuzipoza kwa mipira, za nyuma tukaziacha, maana kila fundi husema kazi kubwa iko mbele. Kumbe joto la nyuma halikuwa na pa kutokea, mafuta ya breki yakachemka, na mapovu hayasukumi kitu. Mafuta yakishapoa, ushahidi wote umepotea. Basi nikakunja bati la kuchota hewa chini ya gari, nikaunga mpira mpaka kwenye kila diski ya nyuma. Kimya alizunguka mpaka petroli ikakaribia kwisha, na pedali haikumwangusha. Bosi akamwomba radhi mbele yetu sote.

Sasa nifike kwenye lililonishikisha kalamu. Walipokuwa wakipeana mikono, mimi nilikuwa nyuma ya rundo la matairi, nalia. Nilikuwa nakuwaza wewe. Siku ile ya ajali, tulipohama, pikapu imejaa makochi, mteremko hauishi, ulisema pedali ilizama. Mkaguzi wa magari akaijaribu kesho yake, akaikuta nzima. Mama alikuwa amevunjika mkono. Mjomba akasema ulisinzia, akakubandika jina la Usingizi, na mwisho hata wewe ukawa unaliitikia. Tangu hapo hujashika usukani.

Baba, hukusinzia. Ulikanyaga kwa nguvu zako zote, ila mafuta ya breki yalikuwa yamechemka, na hapakuwa na mtu wa kuikanyaga pedali kabla hayajapoa.

Msomee Mama barua hii. Mjomba nisalimie sana, na umwambie jina lile sasa halina mwenyewe. Jumamosi nakuja na gari, breki nimezifunga mwenyewe. Utaendesha wewe. Mimi nitakaa pembeni yako, na nikichoka, nitasinzia.

Ni mimi bintiyo,
Fundi Breki