Saa Niliyoiita ya Plastiki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Jumamosi haijafika, maana mimi ni fundi cherehani mwenye mke mmoja, watoto wawili na uongo mmoja, na huo uongo ndio ulionishinda kulea. Mwaka jana niliuza kimyakimya kile kiwanja alichoniachia marehemu baba, ambapo mke wangu anajua tutajenga, nikanunua saa. Usicheke mshauri, si saa ya hivihivi, haina betri, inajitia ufunguo yenyewe kwa mwendo wa mkono, ganda lake ni nyuzi za kaboni kama za kuundia ndege, nyepesi utadhani hujavaa kitu, kioo chake cha yakuti, na zimetengenezwa mia tu dunia nzima, yangu ni ya arobaini na moja na imeandikwa hivyo mgongoni. Mke wangu alipoishika akauliza mbona nyepesi hivi, na ulimi hauna mfupa, nikasema, "Plastiki tu hii, mama watoto, nimepewa na mteja." Basi nikawa naificha kwenye kopo la vifungo isije ikapata mkwaruzo, na saa ya namna hii usipoivaa inasimama, kwa hiyo kila asubuhi najifungia bafuni naitikisa weee, mpaka mke wangu akaniuliza kama naumwa.

Juzi narudi nakuta kopo lina vifungo tu. "Ile plastiki yako mbovu, kila nikiitazama imesimama," akasema, "nimempa kaka, yeye hachagui." Kaka yake ni fundi mwashi. Mshauri, nimemwona kwa macho yangu anachanganya zege na saa yangu mkono wa kushoto! Nikampelekea nyingine inayometameta tubadilishane, akakataa katakata. "Shem, hii naigonga kwenye tofali haichubuki, na tangu niivae haijasimama. Ila niambie, hii arobaini na moja ya nyuma ni saizi ya kiatu?" Nikacheka naye huku roho inaniuma. Na kibaya zaidi, Jumamosi anakuja na kamba na vigingi, dada yake kamwomba akapime msingi wa nyumba kwenye kiwanja. Je, niseme kiwanja kimevamiwa, au nimwibie saa akienda kunawa?

Mwenye Kopo la Vifungo

Mwenye Kopo,

Nimekucheka, samahani, kisha nikakuhurumia, kisha nikamkumbuka mkeo na huruma hiyo ikaishia hapo. Kupenda kitu kizuri si dhambi, fundi anayejua mshono mzuri ataijua na saa nzuri. Lakini wewe ulinunua saa isiyochubuka, halafu ukaificha isichubuke? Ulichokuwa unakificha ni kiwanja, ndugu yangu. Na mkeo hajakuibia. Ametoa plastiki, kwa sababu wewe ulimwambia ni plastiki. Njia ya mwongo ni fupi, yako imeishia kwenye zege.

Kuiba usithubutu, waashi wana mikono mizito. Na hadithi ya wavamizi iache kabisa, maana shemeji yako atakwenda na nyundo kuwatimua, akutane na mwenye kiwanja ameshika hati.

Fanya hivi. Leo, si Ijumaa, keti na mkeo mkiwa wawili, umwambie kiwanja umeuza, saa ndiyo hiyo, na plastiki ni uongo wako. Atafoka, pengine atalia. Nyamaza, usijitetee kwa habari za ndege. Kisha nendeni wote kwa kaka yake, uombe saa kwa adabu, maana alipewa kihalali. Iuzeni, mtafute kiwanja kingine hata kikiwa kidogo kuliko cha kwanza, na safari hii hati iandikwe jina la mkeo.

Ukishindwa kusema, basi Jumamosi ongozana nao tu. Shemeji yako akikunjua kamba na kuuliza, "Shem, tunaanzia kupima wapi?" mwonyeshe mkono wake wa kushoto.