Nywele za Hina

Makurunge

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Twakuombea afya huko Maskati. Mahindi yameanza kubeba, na Bibi hajambo, ila goti tu.

Mama, mdogo wangu Hajra amepasuliwa tumbo. Alikuwa akitapika, tumbo limejaa, choo hapati. Bibi alisema ni mkono wa mtu, akamnywesha kombe la aya za Kurani. Hali ilipozidi tukampeleka hospitali. Picha ilionyesha utumbo umeziba. Daktari alitoa bonge la nywele, akaniuliza, "Binti, mdogo wako kanyoa kipara cha shule. Nywele ndefu hivi kazitoa wapi?"

Niliona rangi ya hina, nikazitambua. Ni zako, Mama, zile ulizokuwa ukizichomeka kwenye nyufa za ukuta kila ukichana, wachawi wasizipate. Tangu uondoke alikuwa akizichomoa na kuzimeza.

Daktari anasema atapona akiacha. Lakini jana alipozinduka hakuomba hata maji. Alisema, "Dada, wamezitupa?"

Nyumbani nimeziziba nyufa zote kwa udongo. Akirudi asikukute hata ukutani, sijui nitamwambia nini. Muombe tajiri wako ruhusa, Mama.

Mwanao,
Shufaa