Dada, Karai Nimelirudisha

Dada Damari,

Likoti lako linanisumbua. Lile jekundu, zito, ulilokuwa ukilivaa kwenye baridi ya Chengdu, huko Asia ulikosoma. Wazee walipokaa kugawa vitu vyako baada ya matanga, Baba Mkubwa aliniuliza, "Lea, wewe ungependa nini cha dada yako?" Watu wote wakanigeukia. Unanijua. Nikasema, "Chochote." Basi nikapewa likoti, hapa Kilosa, kwenye joto hili.

Nilichokitaka ni karai. Lile jeusi lenye mpini, ulilolileta likizo yako ya mwisho ukaliweka jikoni kama mgeni wa heshima. Lilikwenda Mikumi kwa Shangazi Eunike, kwa kuwa yeye ndiye mpishi wa ukoo. Vile vipilipili vyako vya kutia ganzi alivichukua Bibi. Alionja kimoja, ulimi ukafa, akatangaza kuwa hiyo ni dawa ya jino. Sasa majirani wanamjia wameshika mashavu, naye anawapa punje mojamoja kama daktari. Wanasema wamepona, Dada. Au wanaogopa kuongezewa.

Tangu uondoke siwezi kutulia. Nasoma ukurasa mzima halafu sijui nimesoma nini. Mimi, mpenda vitabu! Jioni naenda kutazama treni ya umeme ikipita, narudi, natoka tena. Mama ananiuliza, "Unatafuta nini huko nje?" Nikirudi nasikiliza sauti ulizokuwa ukitutumia kwenye simu, na Mama akisikia tu naianza moja, anainuka na kwenda uani. Hakuwa amesikiliza hata moja tangu tukuzike.

Mimi nazijua zote. Ile ya Chongqing, ulipoingia kwenye jengo kwa mlango wa chini, ukapanda ghorofa nyingi, ukafungua mlango wa juu ukakuta barabara nyingine na magari yanapita. "Lea, ni kama wameichukua Kariakoo wakaipandisha milima ya kwetu!" Ile ya Bangkok, ulipokula wali kwa embe bivu, na Bibi akauliza kwa masikitiko, "Kwani hao hawana mboga?" Tulipokutumia swali lake, ulicheka mpaka ukakohoa. Na ile ya siku yako ya kuzaliwa, wenzako wa chuoni walipokupikia tambi ndefu wakakukataza kuzikata kwa meno, kwa sababu urefu wake ndio urefu wa maisha.

Hiyo huwa naikatisha katikati.

Dada, mwalimu wa taaluma aliniita. Amesema nikimaliza kidato cha sita naweza kujaribu ufadhili wa kusoma nje, kama wewe, ila anataka kwanza aongee na mzazi. Nilimwambia Mama akiwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Asia imeshakula mmoja wangu. Inatosha." Nikaondoka. Njiani ndipo jibu likanijia, kama kawaida yangu, nimechelewa: Hukufia Asia! Miji yote ile, watu wote wale, treni zote zile, vilikurudisha mzima. Ulifia kwetu, kwenye bodaboda, ukitoka kumsalimia Shangazi, mvua inanyesha. Lakini maneno hayo utamwambiaje mama aliyefiwa? Nikayameza.

Ndipo nikapata wazo la karai: kama maneno yamenishinda, nitampikia.

Jumamosi nikapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kupita barabara ile tangu siku ile. Tulipofika kijiji cha Ulaya nikakumbuka utani wako, kwamba wewe ulifika Ulaya kwa nauli ya kuuza kuku mmoja kabla hujaiona Asia. Nikatabasamu peke yangu. Halafu ikaja ile kona. Nilikuwa nimepanga kufumba macho. Sikufumba. Ni kona tu, Dada. Kulikuwa na mama anauza mihogo.

Shangazi alikuwa kando ya barabara kuu anakaanga maandazi, ndani ya karai lako.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umenifuata mimi au umefuata karai?"

Nikaanza kuyapanga maandazi yaliyokwisha kuiva.

"Unadhani sikukuona siku ya kugawa vitu? Macho kwenye karai, mdomo unasema chochote. Nikasema ngoja nilichukue, nione kama huyu mtoto ana miguu." Akaopoa maandazi ya mwisho, akamwaga mafuta, akalifuta kwa kanga. "Haya, chukua. Lakini siku moja ujifunze kuomba, mwanangu. Huko duniani hakuna shangazi kila kituo."

Kuvipata vipilipili kwa Bibi kulikuwa kugumu zaidi. Ilibidi nidai jino linaniuma, halafu nikaona aibu nikamwambia ukweli. Akanipa kiganja kizima. "Vya kupikia mama yako? Mpe. Yeye anaumwa kuliko hao wa meno."

Nikapika jana mchana. Tambi sikuzivunja. Nilikaanga kitunguu saumu, pilipili, nyama ya kusaga, karanga za kutwanga, na punje zako. Moshi ulitukohoza nyumba nzima. Mama alitazama sahani. "Tambi gani hizi hazina sukari?" Akaonja. Akaacha. Akagusa midomo yake kwa vidole, kama anaitafuta. "Lea, umenipa nini? Sina mdomo!" Na mimi sikuwa na mdomo. Tukaangaliana, akaanza kucheka, kile kicheko chake cha zamani cha kupiga paja, machozi yanamtoka, na sijui ni lini yaligeuka kuwa machozi ya kilio. Alikula mpaka sahani ikaisha.

Kisha akasema, akiwa ameitazama ile sahani, "Ile ya supu bado unayo?"

Nilijua ni ipi. Ile ya Hanoi. Nikaileta simu, nikaibonyeza.

"Shikamoo, Mama," ukasema.

"Marahaba, mwanangu," Mama akajibu. Kwa sauti kabisa, kama umesimama mlangoni.

Nawe ukaendelea, hujui kitu: umekaa kando ya njia kwenye kigoda kifupi kama kile cha Bibi cha kupepetea, supu inafuka, wamekupa sahani nzima ya majani mabichi mpaka ukadhani ni ya mbuzi. Halafu ukamalizia, "Nimekula, Mama, nimeshiba. Usiniwazie."

Mama aliinuka. Akachukua karai, akaanza kulisugua taratibu. Safari hii sikwenda nje. Nikamwambia yote, kuhusu kona, kuhusu miji iliyokurudisha. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini nilifika mwisho.

"Huyo mwalimu wako," akasema, "Jumatatu yupo?"

Yupo, Dada. Tunakwenda. Sijui kama nitapata. Bado miguu haitulii, ila sasa najua inataka kwenda wapi.

Lala salama, Dada yangu. Ninakuahidi hivi: mji wowote nitakaoufikia, kabla sijaonja chochote, Mama atapata shikamoo yangu. Na Hanoi nitakikalia kigoda kile, nile mpaka nishibe, nimwambie nimeshiba.

Likoti nimelianika juani. Kumbe nitalihitaji.

Mdogo wako,
Lea