Kigoda cha Baba

Jumapili, Ibadakuli

Mgongo unaniuma tena, na kosa ni la kile kiti cha plastiki cha kwaya. Mikono yake inagonga gitaa. Nikisogea mbele kuikwepa, najikunja kama mtu anayepalilia pamba.

Kinachonifaa ni kigoda cha marehemu baba. Alhamisi nilikijaribu kwa kaka: nyayo zote mbili zilikanyaga chini, gitaa likatulia pajani, mabega yakashuka yenyewe. Nilipiga wimbo mzima bila vidole kufa ganzi. Miezi yote hii nilidhani sijui kupiga, kumbe sijui kukaa tu.

Kaka Masanja akanikuta.

“Ondoka hapo! Kigoda cha mzee hakikaliwi na mwanamke. Nyie mkeka wenu upo.”

Mama alikuwa anachambua choroko. Hakuinua hata macho. “Msikilize kaka yako, Mama Neema.”

Nikanyanyuka. Baba nimemuuguza mimi miaka miwili, nimemgeuza kitandani kwa mikono hii hii. Masanja alikuja kuzika, akabeba kigoda. Lakini mwenye mwiko wa kukikalia ni mimi. Na Mama naye, ambaye aliona kila kitu...

Leo nimetoka ibadani nimekakamaa, nikapitia kwa Masanja. Alikuwa uani anatengeneza pikipiki. Ameiegemeza juu ya kigoda, oili inachuruzika kwenye ule ubao ambao baba alikuwa anaupaka samli.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba,” akajibu, akifutia spana kwenye kigoda.