Mkono Ndani ya Gunia

Jumatatu, 3 Juni 1996
Kitale. Mvua tangu alfajiri. Ziara nne kabla ya saa sita. Saboti, kwa Mama Nafula, ng'ombe wawili wamegoma kula. Maziwa nusu. Joto la kawaida, tezi hazijavimba. Hata hivyo nikaandika: kupe, mwenye ng'ombe amekosa josho. Nikaondoka. Gari la kampuni ya maziwa lina ratiba.

Jumatano, 5 Juni
Ng'ombe mmoja amekufa. Mama Nafula hakulia. Ananijua tangu Kabuchai, kule Bungoma, nilipokuwa nikitibu ng'ombe wa baba yake. Akasema, "Daktari, kule nyumbani ulikuwa unaingiza mkono kwa gunia ya chakula kabla hata ya chai. Ama siku hizi mkono ni ya kampuni?"

Nikafungua gunia la chakula cha ng'ombe. Nikazamisha mkono hadi kiwiko. Joto, mabonge, ukungu. Chakula chetu, kutoka stoo yetu.

Nimeona aibu.

Alhamisi, 6 Juni
Nijieleze vizuri. Bungoma nilikuwa na kliniki yangu, miaka kumi na minne. Kila gunia nililishuku, kwa kuwa aliyenilipa alikuwa mwenye ng'ombe. Hapa anayenilipa ndiye anayeuza chakula. Hakuna aliyeniambia nidanganye. Niliona nembo tu, nikaacha kufungua. Mtu hubadilika hivyo, bila kuamriwa. Hata hilo neno "yetu" sijui liliniingia lini.

Ijumaa, 7 Juni
Nimeiondoa taarifa ya kwanza. Nimeandika nyingine: ukungu, stoo ya kampuni. Meneja, kijana wa heshima, aliisoma mara mbili. "Mzee, unatuchoma." Nikamweleza polepole kwamba ng'ombe wakifa hata maziwa ya kununua hatutayapata. Atanijibu Jumatatu.

Naogopa. Umri huu si wa kutafuta kazi.

Jumatatu, 10 Juni
Meneja alikwenda stoo mwenyewe. Paa linavuja. Magunia yote yanarudishwa, hata yaliyofika Misikhu. Mama Nafula atapewa mtamba badala ya ng'ombe aliyekufa. Mimi nabaki, na kuanzia leo hakuna gunia litakalotoka stoo kabla sijalipima. Sikutarajia.

Jumatano, 19 Juni
Saboti. Jua kidogo. Ng'ombe aliyebaki anacheua. Gunia jipya lilikuwa kibarazani, nembo ileile. Nikalifungua, nikaingiza mkono hadi kiwiko. Kavu. Baridi.

Mama Nafula alisimama akinitazama mpaka nikautoa. Ndipo akaenda kuleta chai.