Majibu ya Damu ya Koleta

Elibariki,

Huna haya. Shikamoo yako siiitikii.

Mahindi yamekauka, mbuzi amezaa pacha. Uliposema unatafiti ugonjwa wa ini, ni mimi niliyesimama kanisani nikawaambia wanawake wakupe damu, kwa kuwa wewe ni mjukuu wangu. Shangazi yako Koleta akatangulia. Karatasi yake imefika jana, Anaeli wa jirani akanisomea: “Ini limeharibika, awahi hospitali.” Uliiandika mwezi wa tatu. Koleta tumemzika mwezi wa sita, macho ya njano kama bizari. Ulikuwa unangoja nini, sifa?

Wanawake thelathini hawajajibiwa bado. Ijumaa shuka Hedaru, panda mlima kwa miguu, umwambie kila mmoja jibu lake usoni. Anza na mimi.

Bibi yako,
Blandina